Mstari wa Baharini Ulianzia Kwetu Nchi Kavu

Oktoba 12, 2021. Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague inasoma hukumu ya bahari kati ya Kenya na Somalia. Mimi niko Garissa, kwa duka la abti, mjomba wangu, simu mkononi, bando inakaribia kuisha. Jaji hajamaliza kusoma na nishaulizwa mara tatu kwa magrupu: "Sasa wewe uko upande gani?"

Ukiuliza msee wa Nakuru hilo swali, ni stori tu. Ukiuliza mtu wa Garissa, Wajir ama Mandera, umemuuliza kama kitambulisho chake ni cha ukweli. Sikujibu. Lakini hiyo siku nilianza kusoma huo mstari ulitoka wapi, na leo nataka niwape stori yote, kwa sababu wengi wetu tulipiga kelele bila kujua tunapigia nini.

Turudi nyuma. Kabla ya 1925, mpaka wa Kenya na Somalia ya Waitaliano haukuwa Liboi. Ulikuwa mto Juba. Kismayu ilikuwa chini ya Mwingereza, kama tu Garissa. Halafu Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, na mwaka 1915 Uingereza na wenzake wakamwahidi Mwitaliano zawadi akiingia vitani upande wao. Zawadi yenyewe ikawa nchi ya watu. Mkataba ulitiwa saini 1924, na mwaka uliofuata Jubaland ikakabidhiwa Italia. Familia moja, visima vilevile, ngamia walewale, lakini sasa serikali mbili.

Baadaye wakaja wapimaji wakapanda nguzo kutoka juu kule Mandera mpaka ufuoni karibu na Ras Kamboni. Nguzo kubwa ya mwisho ilikuwa nambari 29. Kumbuka hiyo namba.

Mnajua yaliyofuata. Mwaka 1962 tume ikaja kuuliza watu wa kaskazini wanataka nini, wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia, Mwingereza akaamua vingine. Vita vya Shifta vikapigwa mpaka 1967. Sheria za hali ya hatari zikabaki huku kwetu mpaka 1991. Wazee wetu waliulipia huo mstari kwa damu na mifugo. Kwa hivyo mtu akiniambia mpaka ni mambo ya ramani tu, namwangalia tu.

Sasa bahari. Mwaka 1979 Rais Moi alitangaza kwamba bahari ya Kenya upande wa kaskazini inaishia kwa mstari unaokwenda moja kwa moja mashariki, kufuata latitudo. Mwaka 1982 dunia ikakubaliana Mkataba wa Sheria ya Bahari: kila nchi ya pwani ina haki ya samaki, mafuta na gesi mpaka maili 200 za baharini. Ghafla maji yakawa mali.

Shida ni kwamba pwani yetu imeinama. Somalia ilisema mstari usiende mashariki moja kwa moja, ufuate mwelekeo wa pwani na kugawanya maji katikati, uteremke kusini-mashariki. Ukichora mistari yote miwili unapata pembetatu ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Pembetatu yote inaanzia wapi? Pale karibu na nguzo nambari 29. Yaani saruji iliyopandwa na wakoloni waliokuwa wakigawana zawadi ya vita ndiyo ilikuja kuamua nani atavua samaki maili 200 mbali na hapo.

Somalia ilipeleka kesi Agosti 2014. Kenya ikasema kuna makubaliano ya 2009 ya kumaliza mambo kwa mazungumzo. Mwaka 2017 mahakama ikasema hiyo haitoshi kuzuia kesi. Mwaka 2019 Kenya ikamwita balozi wake arudi nyumbani kutoka Mogadishu, ikidai Somalia imeuza vitalu vya mafuta vya eneo hilo kwenye mkutano wa London. Machi 2021 kesi ikasikizwa na Kenya haikuingia. Tulisusia, halafu tukashangaa.

Hoja kubwa ya Kenya ilikuwa kwamba Somalia ilinyamaza miaka yote, kwa hivyo ilikubali. Mahakama ikakataa. Ikakumbusha kwamba kuanzia 1991 hadi 2005 Somalia haikuwa na serikali iliyofanya kazi sawasawa kwa sababu ya vita. Sikia hiyo vizuri: huwezi kusema jirani alikubali eti kwa sababu hakupinga, na nyumba yake ilikuwa inaungua.

Lakini Somalia pia haikupata yote. Mahakama ilianza na mstari wa katikati, kisha ikausogeza kidogo kaskazini, kwa faida ya Kenya, kwa sababu tungebanwa kati ya Somalia na Tanzania. Na ombi la Somalia la kulipwa fidia likakataliwa. Rais Uhuru akasema Kenya haiikubali hiyo hukumu. Mtandaoni sote tukawa maadmirali.

Sina digrii ya sheria, hata chuo sikumaliza. Lakini nilisoma kelele za pande zote mbili, na kitu kimoja karibu hakikutajwa: samaki wenyewe. Ilikuwa mafuta, mafuta, heshima ya taifa, mafuta. Ile pembetatu kubwa iko mbali sana. Mvuvi Mbajuni wa Kiunga na mashua yake hafiki huko. Wanaofika ni meli kubwa za kigeni zinazofuata jodari, zilezile aina zilizovamia maji ya Somalia serikali ilipoanguka 1991. Jodari hajui latitudo. Kasa anayetaga mayai kwenye hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1979, hana pasipoti. Akiogelea siku kadhaa tu kaskazini, sheria zinabadilika na pengine hakuna anayelinda.

Huku Garissa tunalijua hili somo kwa mnyama mwingine. Hirola. Swala mwenye uso kama amevaa miwani, na makao yake ya asili ni huku kwetu na ng'ambo ya mpaka Somalia. Leo wamebaki chini ya 500 duniani. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilikuwa linawahamisha kwenda Tsavo ili kuwaokoa. Wakazi wa huku wakaenda Mahakama Kuu wakasema hapana, hawa ni wetu, walindwe hapahapa. Mahakama ikawaunga mkono: kazi ya KWS ni kulinda mnyama mahali pake pa asili. Na mwaka 2012, kule Ishaqbini, Ijara, jamii na wahifadhi wakazungushia uzio eneo maalum na kuweka hirola 48 humo wazaliane. Wafugaji ndio waliotoa ardhi.

Linganisha hizo kesi mbili. The Hague, serikali mbili ziligombania mali na hakuna aliyesimama kwa niaba ya kinachoishi ndani yake. Ya hirola ilipelekwa na watu wanaoishi na mnyama, na leo bado yupo.

Najua mtaniambia usalama. Ni kweli, msitu wa Boni kutoka Ijara hadi Lamu umekuwa uwanja wa vita kwa miaka, na siyo rahisi kuongelea kasa wakati watu wanaogopa mabomu ya barabarani. Lakini Kenya na Somalia tayari wanakaa meza moja kwenye tume ya jodari ya Bahari ya Hindi kule Ushelisheli. Kama wanaweza kuhesabu jodari pamoja, wanaweza kulinda kasa pamoja, na hirola pia, bila yeyote kuhamisha nguzo.

Abti alikuwa ananisikiliza nikieleza haya yote. Akauliza swali moja: "Na hao wavuvi, waliulizwa?"

Hakuna mahali nimeona waliulizwa. Kwa hivyo nyinyi mlioniuliza niko upande gani, jibu langu ndilo hilo. Niko upande wa wale ambao hawajawahi kuulizwa, tangu 1925.