Kirangozi wa Tabora: Sauti Zake Zipo, Jina Lake Halipo

Siku hizi kijana anayetafuta kazi ya kuigiza sauti anajifungia chumbani, anajifunika blanketi ili kelele za bodaboda zisiingie, anawasha simu na kurekodi demo. Dakika moja tu. Ndani ya hiyo dakika anatakiwa awe bibi mwenye hasira, konda wa daladala, tajiri mwenye dharau na mtoto wa miaka sita. Wengi wanadhani fani hii imekuja na tamthilia za Kituruki na Kichina. Wapi! Zaidi ya miaka 160 iliyopita, kwenye njia ya misafara ya Tabora, kuna jamaa alikuwa anabadilisha sauti kutwa nzima, tena akiwa anatembea, bila maiki. Aliitwa kirangozi, yaani kiongozi wa wapagazi. Hilo ni jina la kazi. Jina lake mwenyewe halikuandikwa.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka pwani na msafara. Walitembea zaidi ya siku 130, wakaingia Kazeh mwezi Novemba. Kazeh ndo Tabora ya leo. Njia ilitoka Bagamoyo na pwani ya jirani, ikakatiza Ugogo, ikafika Unyanyembe, halafu ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na shanga zikapanda bara. Gari hakuna, na ng'ombe au punda wa mizigo walikuwa wanakufa njiani. Kwa hiyo mzigo ulikaa begani kwa mtu, kama kilo 30 hivi.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliolipwa na walioona fahari kuifanya kazi hiyo. Lakini isisahaulike kwamba njia hiyohiyo walipitishwa watumwa. Sio kila sauti iliyosikika pale ilikuwa ya furaha.

Burton alichapisha kitabu chake London mwaka 1860. Kiukweli jamaa aliwaandika Waafrika kwa dharau nyingi. Ila masikio yake yalikuwa mazuri, na kalamu yake ikabeba sauti ambazo leo zingekuwa zimepotea kabisa. Ukisoma alichoandika kuhusu msafara wa kawaida, unakutana na demo kamili.

Sauti ya kwanza ni ya asubuhi. Watu wamechoka, kuna baridi, hakuna anayetaka kusimama. Hapo zinapigwa kelele za kuhimizana: pakieni, safari ni leo! Pembe zinalia, ngoma zinapigwa, na wapagazi wanajisifu kwamba wao ni punda, wao ni ngamia. Mtu anajiita mnyama wa mizigo kabla mwingine hajamwita hivyo, tena kwa sauti ya kishujaa. Huyo tayari ni mhusika.

Sauti ya pili ni ya njiani. Wapagazi walipiga miluzi, waliimba, na waliiga milio ya ndege na wanyama. Mstari ulikuwa mrefu, wa mmojammoja, na kelele ziliwaweka pamoja na kupunguza uzito wa mzigo. Walipokaribia kijiji ndo kelele zilizidi, ili wenyeji wajue kwamba wanaokuja sio watu wa mchezo. Na utani haukumwacha bosi. Waliimba kuhusu mzungu mbaya ambaye watamfuata ilimradi anatoa msosi wa maana. Mzungu mwenyewe yupo palepale, anasikia.

Sauti ya tatu ni ya kukutana na msafara mwingine. Kirangozi alikuwa mbele, kavaa kitambaa chekundu, kichwani ngozi ya mnyama na manyoya ya ndege. Makirangozi wawili wakikutana walisogeleana kwa madaha kama wapo jukwaani, wakitazamana kwa jicho la pembeni, halafu ghafla wanainama na kugongana vichwa kama kondoo dume. Ubishi wa nani apishe njia ulianzia hapo.

Sauti ya nne ni ya usiku, na ndo kali kuliko zote. Watu wameshakula. Kirangozi anasimama, wenzake wanaitikia "maneno! maneno!" Anawaita wafalme. Wafalme! Watu walewale waliojiita punda asubuhi. Kisha anashusha habari: kesho ni safari, njia ni mbaya, pori lipo, mtu asitembee peke yake, mbele kuna watu wa mikuki. Mtu mmoja, siku moja, kahimiza, katania, katamba, katisha.

Hapo ndipo wengi wanaorekodi demo wanapokosea. Wanadhani sauti ya mhusika ni kuipandisha au kuishusha. Bibi anapewa sauti ya kukwaruza, tajiri anapewa besi, basi. Kirangozi hakuwa na koo nne. Alikuwa na kazi nne, na kila kazi ilikuwa na mtu wa kumwambia kitu: aliyelala, mwenyeji wa kijiji, mpinzani, mwenye hofu. Mwili nao ulisema. Ukitaka kuigiza mpagazi, weka ndoo ya maji begani, zunguka chumba mara kumi, halafu ndo uongee. Pumzi itakuja yenyewe, bila kuigiza.

Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, mizigo ikahamia kwenye mabehewa na kazi ya kirangozi ikafifia. Lakini watu wa sauti hawakuisha. Radio Tanzania ikaja na Pwagu na Pwaguzi, vibanda vya video vikawa na jamaa wa kutafsiri muvi kwa sauti moja kwa wahusika wote, na mwaka 2011 TBC ikaonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiongea Kiswahili. Na mambo ni yaleyale. Mtaa mzima unamjua "yule mama" wa kwenye tamthilia, unamuiga hadi kicheko, ila ukiuliza anaitwa nani, kimya.

Baadhi ya demo huanza na sauti ambayo watu wanaipuuza: mtu anasema jina lake, kawaida tu, kabla ya wahusika kuingia. Sekunde mbili. Kirangozi wa Tabora alisikika kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kafika mpaka kwenye kitabu London, na hizo sekunde mbili hakupewa. Usizikate.

Haya wadau, nani anajua jina halisi la sauti anayoipenda kwenye tamthilia? Dondosha kwenye komenti, na usiseme "yule mama".