Daktari Aliyezaliwa Kilosa na Historia ya Lishe Yetu

Kilosa ya mwaka 1928 ilikuwa mji wa reli na mkonge. Treni za Reli ya Kati zilipita hapo zikielekea Dodoma na Kigoma, na mashamba ya mkonge yaliwavuta vibarua kutoka mbali. Tarehe 6 Mei mwaka huo, daktari mmoja Mwingereza na mkewe walipata mtoto mjini hapo, wakamwita Michael. Mtoto huyo, Michael Latham, ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha lishe kilichotumiwa na wahudumu wa afya Afrika Mashariki nzima.

Eneo alikozaliwa lilikuwa limewatesa wasafiri kitambo. Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alikatiza mbuga ya Makata msimu wa masika na kukuta mafuriko tupu. Maji yalikuwa kila upande, na bado alishikwa na kuhara damu akakonda vibaya. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na anayehara hupoteza maji hayo pamoja na chumvi za mwilini. Ndiyo maana maji safi yana haki ya kuwekwa katika orodha ya chakula, na pengine juu kabisa.

Latham alisomea udaktari Dublin, akarudi Tanganyika mwaka 1955. Alifanya kazi ya tiba, kisha akaongoza kitengo cha lishe katika Wizara ya Afya hadi mwaka 1964. Miongoni mwa kazi zake za wakati huo ni uchunguzi wa rovu huko Ukinga, milimani juu ya Ziwa Nyasa. Katika nchi za miinuko kama hiyo, mvua za karne nyingi huosha madini joto (iodini) kutoka kwenye udongo. Mahindi, maharage na viazi vinavyoota hapo huyakosa, na mlaji naye huyakosa. Shingo huvimba, lakini hasara kubwa haionekani kwa macho: mama mwenye upungufu mkali anaweza kuzaa mtoto ambaye ubongo wake hautakua sawasawa.

Dawa ilikuwa inajulikana. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922. Kwetu ilibidi kungoja. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, vidonge vya mafuta yenye madini joto vikaanza kugawiwa mwaka 1986 katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 chumvi yote ya kula ikatakiwa iwe na madini hayo. Katika wilaya zilizofuatiliwa, rovu kwa watoto wa shule lilishuka kutoka asilimia 61 katika miaka ya 1980 hadi takriban 12 mwaka 1999. Ni ushindi mkubwa wa afya ya jamii nchini, na inasikitisha kwamba hauzungumzwi.

Kitabu cha kwanza cha Latham kilitolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1965. Toleo pana zaidi, lililolenga nchi zote zinazoendelea, lilitoka Roma mwaka 1997. Kati ya miaka hiyo alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, lakini utafiti wake ulimrudisha huku mara kwa mara. Kwale, pwani ya Kenya, yeye na mtafiti mwenzake Lani Stephenson walionyesha kuwa watoto waliotibiwa kichocho walikua vizuri zaidi. Funzo hilo lina uzito: mtoto mwenye kichocho au safura anapoteza damu kila siku, na madini ya chuma yanatoka nayo. Kumlisha maini bila kumtibu ni kujaza mtungi uliotoboka.

Mpwapwa, wilaya inayopakana na Kilosa, Cornell na Taasisi ya Chakula na Lishe waliwapa wanafunzi kinywaji chenye ladha ya chungwa, kilichotiwa vitamini na madini. Baada ya miezi sita damu yao iliongezeka, na waliwapita kwa uzito na kimo wenzao waliokunywa kinywaji kisicho na virutubisho.

Hata hivyo, Latham hakuwa mtu wa kutegemea vidonge. Mwaka 2010, akiwa na miaka 82, aliandika makala kali kupinga kampeni za kuwapa watoto wote matone ya vitamini A, akisema zimesukuma chakula pembeni. Waliojibu walikuwa na hoja nzito: utafiti wa Aceh, Indonesia, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa takriban theluthi moja. Matone yameokoa wengi. Lakini Latham aliona sawasawa kwamba chanzo cha kudumu kiko jikoni. Tazama sufuria ya matembele Kilosa: majani yamekatwakatwa, karanga zilizotwangwa zinatiwa, mchuzi unakuwa mzito. Majani yana asili ya vitamini A, na mafuta ya karanga huusaidia mwili kuifyonza. Limao likikamuliwa juu, vitamini C yake huongeza kiasi cha chuma kinachopokelewa. Chai ya rangi ikinywewa papo hapo, chuma hicho hupungua.

Chakula cha namna hiyo huanzia shambani, na huko nako kuna watafiti: kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, jirani na Kilosa mjini, kinashughulikia mikunde na alizeti, yaani madini ya chuma na mafuta ya jikoni.

Latham alifariki tarehe 1 Aprili 2011. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga na mafuta ya viwandani. Kanuni hizo zinawafikia wanaonunua unga wa paketi pale Mikumi kandokando ya barabara kuu. Anayebeba debe la mahindi yake mwenyewe hadi mashine ya kijijini, unga wake hurudi nyumbani bila nyongeza yoyote, na vitamini za siku hiyo hutoka kwenye mboga atakayochuma.