Jina la Chuo Analipa Nani?



Juzi binti wa kaka yangu, mzaliwa wa huku huku Marekani, kanipigia simu. Kapata nafasi mbili za kusomea sheria. Moja ni chuo chenye jina kubwa, lakini karibu kila senti itabidi akope. Nyingine ni chuo cha jimbo kisichotajwa sana, ila kinampa skolashipu ya ada yote. "Ba'mdogo, wewe mtu wa historia, unasemaje?"

Nilimwambia kwamba swali hili kwetu si geni. Kabla ya 1961 hapakuwa na kitivo cha sheria Tanganyika, Kenya wala Uganda. Aliyetaka uwakili alikwenda London, akajiunga na chama kama Lincoln's Inn au Gray's Inn, akalipa ada, na akala chakula cha jioni humo mara kadhaa kila muhula. Ndiyo, kula lilikuwa sharti! Weka na nauli ya meli, chumba na koti la baridi. Serikali za kikoloni nazo hazikuwa na hamu ya kumlipia Mwafrika asomee sheria, manake wakili hubishana na serikali. Basi waliofika wengi ni wale ambao familia zao zilikuwa na mtaji. Tanganyika ilipopata uhuru, mawakili Waafrika walihesabika kwa vidole.

Tarehe 25 Oktoba 1961 kikafunguliwa chuo Dar es Salaam, ndani ya jengo la TANU, mtaa wa Lumumba wa leo. Kitivo kilikuwa kimoja tu, sheria, na wanafunzi 14. Jina hakikuwa nalo. Hata shahada ilikuwa bado ya Chuo Kikuu cha London. Makerere walianza sheria 1968 na Nairobi 1970, kwa hiyo Wakenya na Waganda nao walikuja Dar. Katika wale wa mwanzo alikuwamo Julie Manning, aliyekuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Jina la chuo lilitengenezwa na waliosoma pale.

Lakini tusidanganyane. Wale walisomeshwa, na nchi changa ilikuwa inawangoja kwa kazi. Huyu binti hangojwi na mtu. Ndiyo maana nimempa maswali mawili. Kwanza, skolashipu ina sharti la alama? Darasa la sheria hupimwa kwa kushindanishwa, lazima wengine washuke, na ukishuka deni linaanza. Vyuo vya sheria vinatakiwa kutangaza ni wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa; asome. Pili, wahitimu wako wapi miezi kumi baadaye? Hilo nalo hutangazwa.

Mimi nilichagua jina. Shahada ya pili niliikopea, chuo sikitaji, na deni nimelilipa miaka 14. Mama alipougua sana nyumbani nilikuwa nahesabu marejesho, nauli sina. Nilifika baada ya arubaini. Jina lile limeandikwa kwenye cheti ukutani, na mara nyingi silitazami.

Sikumwambia achague kipi. Nilimwambia tu aulize anayelipa ni nani, na atalipa mpaka lini.

Mawakili mliomo humu, nisahihisheni. Binti ana wiki mbili tu za kujibu.