Kikomo cha Fidia na Kiwango cha Fidia

Mwaka 1975 jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria iliyokataza mahakama kumpa mgonjwa aliyeumizwa na utepetevu wa kimatibabu zaidi ya dola 250,000 kwa maumivu na mateso yake. Gharama za matibabu na mapato aliyopoteza hazikuguswa. Kiasi hicho kilikaa vilevile hadi Januari 2023, sheria mpya ilipoanza kukipandisha hatua kwa hatua. Kenya haina sheria ya aina hiyo kwa kesi za matibabu. Hakimu hupima jeraha, akalinganisha na hukumu zilizotangulia, kisha akataja kiasi anachoona kinastahili. Lakini wazo la kuiga California lina mvuto wake hapa kwetu, kwa sababu chini ya Katiba ya 2010 hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti, na fidia inayotozwa hospitali ya rufaa ya Kitui au ile ya Makueni pale mjini Wote hutoka katika bajeti ileile inayonunua dawa na kulipa wauguzi.

Mpaka huo uliowekwa na sheria nauita kikomo cha fidia. Ukomo wa fidia ungefaa pia, ila wanasheria wa Tanzania wamezoea kulitumia neno ukomo kwa muda wa kufungua madai, na kwetu Kenya muda huo una sheria zake: miaka 3 kwa madai ya utepetevu, na miezi 12 tu mdaiwa akiwa serikali. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni kukichanganya kikomo na kitu kingine ambacho wakazi wa Kitui na Makueni wanakijua vizuri, nacho ni kiwango maalumu cha fidia, yaani kiasi ambacho sheria yenyewe inakitaja kwa kila dhara. Mjadala wote, kwa maoni yangu, unategemea tofauti ya vitu hivyo viwili.

Makueni imepakana na mbuga ya Tsavo upande wa Mtito Andei na Kibwezi, na kusini mwa Kitui ndovu huvuka kutoka mbugani humo hadi mashambani. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa, familia yake ilipwe shilingi milioni 5. Akipata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Majeraha mengine, hadi milioni 2. Ni kweli malipo hayo hucheleweshwa mno, na familia zimesubiri miaka. Lakini tazama jinsi mpango wenyewe ulivyoundwa. Familia haitakiwi kuthibitisha kwamba askari wa wanyamapori alizembea. Inatosha kuonyesha kwamba ndovu aliua. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2007 ina muundo uo huo: anayeumia kazini hahitaji kuthibitisha kosa la mwajiri, na kwa upande wake hawezi kumshtaki kudai zaidi. Akifa au akipata ulemavu kamili, hesabu ni mshahara wa miezi 96. Hayo ni mapatano. Mdai anaacha tumaini la fungu kubwa, na badala yake anaondolewa mzigo wa ushahidi.

Kikomo hakina mapatano yoyote. Mgonjwa anabaki na mzigo wote wa kuthibitisha kosa, na akishinda anapunguziwa. Na mzigo huo si mdogo. Katika kesi ya uzazi, karatasi inayoamua mambo ni chati ya uchungu, ambamo mkunga hujaza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kufunguka kwa njia ya uzazi kila saa 4. Karatasi hiyo iko kwenye faili la hospitali, yaani mikononi mwa anayeshtakiwa. Mdai lazima aipate, kisha amlipe daktari bingwa aje kueleza mahakamani kwamba nafasi zilizoachwa wazi ndizo zilizomdhuru mama.

Tuseme ameshinda, na dhara ni kwamba kizazi kiliondolewa. Akiwa mwalimu wa Wote, ana hati ya mshahara ya kila mwezi, na miezi aliyokosa kazi, kama mshahara ulikatwa, inahesabika. Akiwa mkulima wa ndengu wa Ikutha, Kitui, mapato yake yalipitia mikononi mwa mnunuzi wa nafaka bila risiti. Mahakama zetu hujaribu kuziba pengo hilo kwa kutumia mshahara wa kima cha chini au kukadiria fungu moja. Bado sehemu kubwa ya haki ya mkulima huyo imo katika kile kifungu cha maumivu na kupoteza uwezo wa kuzaa, na hicho ndicho kifungu ambacho kikomo cha mtindo wa California hukikata. Sheria inayoonekana kuwatendea wote sawa ingemuumiza zaidi asiye na hati ya mshahara, na katika kaunti hizi mbili wasio nayo ndio wengi.

Wanaounga mkono kikomo wana hoja nzito moja: hukumu kubwa dhidi ya kaunti inaweza kumnyima dawa mgonjwa wa kesho. Siipuuzi. Lakini pesa za umma tayari zina kinga. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali kinazuia kukamata mali ya serikali, ya kaunti ikiwemo. Mshindi hupewa cheti cha amri, na asipolipwa hurudi mahakamani kuomba afisa husika alazimishwe. Kikomo juu ya kinga hiyo ni kumpunguzia mtu deni ambalo hata kulidai ni kazi. Kinachoilinda bajeti vizuri zaidi ni kaunti kuchangia bima ya pamoja, au mahakama kuruhusiwa kuagiza gharama za matunzo zilipwe mwaka kwa mwaka badala ya fungu moja.

Hoja ya pili ni kwamba madaktari watakimbia. Texas iliweka kikomo mwaka 2003 kwa hoja hiyohiyo. Malipo kwa wagonjwa yalipungua na bima ya madaktari ikashuka bei, hilo lisifichwe. Lakini watafiti Bernard Black, David Hyman na Charles Silver walipochunguza idadi ya madaktari hawakuona ongezeko lililotokana na sheria hiyo. Kwetu, mgomo wa madaktari wa siku 100 ulioisha Machi 2017 na ule wa siku 56 wa 2024 ilihusu mikataba ya kazi na malipo, yakiwemo ya madaktari wanagenzi, si hofu ya kushtakiwa.

Bunge likitaka kweli kuweka mpaka, basi liweke kiwango maalumu, na lilipe bei yake: mama aliyeumia katika hospitali ya umma alipwe bila kuthibitisha kosa la mtu, kutoka mfuko uliotengwa kando na bajeti ya dawa, na ndani ya muda uliotajwa na sheria, ili asije akasubiri kama wanavyosubiri waliofiwa kule Mtito Andei.