Simu ni Waya: Kelele za Mezani na Kimya cha Usevya

Neno "simu" tulilichukua kwa Waajemi, na kwao sim ni waya. (Ni fedha pia, ile ya pete na mkufu, lakini hiyo tuiache.) Kwa hiyo waliolipokea neno hili hawakukipa jina chombo cha kuongelea, walilipa jina ule uzi unaoning'inia kwenye nguzo. Kupiga simu kulikuwa kupeleka habari kwa telegrafu, kabla sauti ya mtu haijaanza kusafiri humo. Leo tunasema "simu ya mkononi" bila hata kutabasamu, ilhali ukilifuata neno mpaka kwao, maana yake ni waya usio na waya.

Nalitaja neno kwa sababu ya lalamiko moja ambalo limekuwa la kawaida kwenye nyumba za mjini. Kuna mtindo wa kuweka sebuleni simu ya mezani yenye sura ya kizamani: mwili mweusi au wa krimu, mkono mzito wa kusikilizia, duara la namba, pengine na urembo wa rangi ya dhahabu. Wengi huiweka iwe pambo tu. Wachache wenye laini ya waya huichomeka itumike, na laini hiyohiyo ikiwekewa intaneti ya kasi, simu inaanza kunguruma. Kuna shhhh kama mvua ya mbali kwenye bati, au mlio wa nyuki usiokoma. Mwenye nyumba anatoa hukumu: si unaona, vitu vya zamani havielewani na intaneti.

Hukumu hiyo si sahihi, na kosa lake lina historia. Ukiifuata historia hiyo unafika hadi Usevya, kwenye nchi ya Wapimbwe, kusini mwa Hifadhi ya Katavi, ambako kelele hii haikuwahi kusumbua nyumba ya mkulima hata mmoja. Na si kwa sababu huko kuna mafundi hodari kuliko wa mjini.

Tuanze mwanzo kabisa. Thomas Watson, yule msaidizi wa Alexander Graham Bell, alikuwa na tabia ya kukaa usiku akisikiliza laini yao ya majaribio mwaka 1876, wakati hakuna anayeongea. Alisikia milio ya kukatika, ya kukwaruza, mingine kama ya ndege. Hakuna aliyekuwa akipiga, waya mrefu ulikuwa unaokota umeme wa angani wenyewe. Miaka michache baadaye kelele zikawa za watu. Simu za mwanzo zilitumia waya mmoja tu, na ardhi yenyewe ilifanya kazi ya waya wa pili, kama telegrafu. Tramu za umeme zilipoingia mijini nazo zikaitumia ardhi ileile kurudishia umeme wake, na simu zikaanza kuguna. Dawa iliyopatikana ni kuipa simu waya wake wa pili, kisha kuzisokota nyaya mbili pamoja ili uchafu unaoingia kwenye mmoja uingie sawasawa kwenye mwenzake na vifutane. Bell aliipatia hataza mbinu ya kusokota mwaka 1881. Nyaya zilizosokotwa ndizo hadi leo zinazopita ukutani mwa nyumba yenye laini.

Lililo muhimu hapo ni hili: tangu siku ya kwanza, kelele ya simu huwa ina mwenyewe. Ni mgeni aliyeingia kwenye waya. Kazi ya fundi ni kumtambua mgeni, si kukilaumu chombo.

Huku kwetu waya ulianzia baharini. Mwaka 1879 kebo ya Eastern Telegraph ilifika Zanzibar kutoka Aden, na mwaka 1890 nyingine ikaunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam. Bara, hadithi ya ajabu zaidi ni ya Cecil Rhodes. Mwaka 1892 alianzisha kampuni ya telegrafu iliyokusudia kutandika waya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo. Wajerumani walikuwa wamekaa katikati ya njia, basi mwaka 1899 Rhodes alikwenda Berlin akaonana na Kaiser Wilhelm II, akapewa ruhusa. Waya ukatoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, ukapanda kaskazini upande wetu wa Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji. Ukaishia hapo. Cairo haukuiona.

Chukua ramani uangalie kati ya Mbala na Ujiji, upande wa mashariki wa ziwa. Ni mikoa ya leo ya Rukwa, Katavi na Kigoma. Yaani eneo hili, linaloitwa la pembezoni kila bajeti ikisomwa, lilipitiwa na mawasiliano ya kimataifa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Yalipita tu. Waya ule ulikusudiwa watu wa mbali kuulizana habari zao, na Mfipa au Mpimbwe aliyeuona juu ya kichwa chake hakuwa na pa kuugusia.

Mambo yakajirudia kwenye reli. Madini ya risasi yalipochimbwa Mpanda, tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, likafunguliwa mwaka 1950. Reli zote za wakati huo zilikuwa na nyaya zake pembeni, za stesheni kuulizana treni imefika wapi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960 na mji ukabaki na reli yake. Lakini kutoka Mpanda kwenda Usevya hakuna reli. Unakwenda Sitalike, kama kilomita 35, unaingia hifadhini kwenye nyati, viboko na tembo, unatokea upande wa pili kuelekea Kibaoni. Waya wa nguzo unataka nguzo ishirini hivi kila kilomita, na tembo anayetaka kujikuna hajui nguzo ya serikali ni ipi. Nani angelipa gharama hiyo kwa ajili ya mkulima wa mpunga?

Miaka ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, miaka ya Shirika la Posta na Simu Tanzania, simu ilikuwa ya ofisi. Vituo vidogo viliendeshwa kwa mkono: unazungusha mpini, opareta anaitika, unamtajia unayemtaka, unasubiri. Anayekumbuka anakumbuka kelele kwanza. "Haloo! Haloo! Sikusikii!" Ule mtindo wa wazee kupaza sauti kwenye simu mpaka jirani ajue msiba umetokea wapi si ushamba, ni elimu ya waya mrefu. Sauti ilifika imechoka, ikiwa imechanganyika na maongezi ya watu wengine waliokuwa kwenye nyaya za jirani. Sheria ya mwaka 1993 ikaligawa shirika, na TTCL ikaanza mwaka 1994. Ilipofika mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za waya kama 170,000. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Gawanya mwenyewe.

Sasa turudi sebuleni. Intaneti ya ADSL ilikuja kama mpangaji wa pili kwenye waya wa shaba uliokuwepo. Sauti ya mtu kwenye simu imepewa nafasi kati ya hetsi 300 na 3,400. ADSL inapanga juu, kuanzia kilohetsi 25 hivi mpaka 1,100, na ADSL2+ inafika 2,200. Sikio la binadamu linaishia kilohetsi 20, kwa hiyo kwa haki hatukupaswa kusikia kitu. Mbona basi tunasikia?

Jibu limo ndani ya simu. Simu ya elektroniki ina dayodi, kipande kinachoruhusu umeme upande mmoja na kuuzuia upande mwingine. Redio nyingi za zamani zilitumia kipande cha jiwe kwa kazi hiyohiyo: kulichukua wimbi lisilosikika na kulifanya lisikike. Simu yako isipokingwa inageuka redio mbovu, na stesheni inayoikamata ni modemu yako. Na hapa ndipo utamu wa jambo ulipo. Simu ya kweli ya miaka ya 1950, yenye koili, kengele na chembe za kaboni, haina dayodi nyingi za kufanya mchezo huo. Nakala yake ya kisasa, yenye sura ya bibi na matumbo ya kiwandani, ndiyo inayonguruma. Anayelaumu uzamani analaumu vazi.

Utafutaji wenyewe unaanzia kwenye swichi ya modemu. Izime, nyanyua simu, sikiliza. Kelele ikiondoka, mgeni ni intaneti, na dawa ni filta, kile kikebe kidogo kinachoruhusu sauti ipite na kuzuia mawimbi ya juu. Watu wengi huifunga mbele ya modemu, halafu wanashangaa intaneti imekufa na kelele iko palepale. Filta ni ya simu. Kila simu ndani ya nyumba iwe na yake, na faksi iliyosahauliwa stoo pia, maana kifaa kimoja kisicho na kinga kinaweza kuchafua laini nzima. Kama filta ipo na kelele ipo, badilisha filta kabla hujabadilisha simu, nazo hufa. Tazama pia waya wa kuongezea. Ule bapa wa bei rahisi una nyaya zilizolala sambamba bila kusokotwa, yaani umerudi nyuma ya mwaka 1881 ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Modemu ikiwa imezimwa na kelele bado ipo, mwache mpangaji, hana hatia. Peleka simu ya kawaida kwenye soketi ya kwanza, pale laini inapoingia nyumbani, na uchomoe vingine vyote. Mkwaruzo unaozidi siku ya mvua ni maji kwenye kiungo cha nje. Mlio mzito wa "mmmm" ni umeme wa ukutani: ama waya mmoja umegusa ardhi na ile mizani ya nyaya mbili imevunjika, ama waya wa simu umelala bega kwa bega na waya wa umeme. Na ukitikisa ule uzi wa msokoto wa mkono wa kusikilizia, kelele ikaja na kuondoka, basi ni uzi tu.

Kadiri waya ulivyo mrefu, ndivyo ADSL inavyochoka, na baada ya kilomita tano hivi inakata tamaa. Laini ndefu za vijijini, pale zilipokuwepo, zilifungiwa koili za kuisaidia sauti iende mbali, na koili hizo huziba kabisa njia ya ADSL. Kitu kilichosaidia kijiji kusikika zamani kikawa ndicho kizuizi cha intaneti.

Usevya haukufika hata kwenye tatizo hilo. Mawasiliano ya mtu wa kawaida yaliingia kwa mnara, bila shaba yoyote, na minara ya maeneo kama hayo ilihitaji msukumo wa serikali, ukiwemo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliowekewa sheria mwaka 2006, kwa kuwa kampuni hazikuona faida ya kwenda. Mnara nao una kelele yake. Kila aliyeweka simu ya 2G karibu na redio anaijua: "dididit, dididit," kisha sekunde moja baadaye simu inaita. Simu hizo hurusha mawimbi kwa mapigo kama 217 kwa sekunde, na spika ya redio inayaokota mapigo hayo kwa ujanja uleule wa dayodi. Mitandao ya 3G na 4G hairushi kwa mapigo ya namna hiyo, kwa hiyo mlio ule unapotea bila watu kuuaga.

Shaba nayo inaondoka mijini, nyingine kwa kuibwa na kuuzwa kilo, nyingine kwa kupishwa na nyuzi za kioo. Ruta ya nyuzi hizo mara nyingi huwa na kitundu cha simu nyuma yake, na simu yenye sura ya kizamani ikichomekwa humo haingurumi, kwani hakuna tena wapangaji wawili kwenye shaba moja. Ila kama ni ya zamani kweli, ya kuzungusha, jiandae: duara lake hutuma namba kwa kukata na kuunga umeme, na ruta nyingi zinaelewa milio ya vitufe tu. Utapigiwa, hutapiga.

Usevya simu ya mezani itakayofanya kazi ni ile ya kuchomeka laini ya kadi, yenye antena fupi nyuma. Ikinguruma, isogeze mita moja kutoka kwenye redio. Waya pekee unaofika ukutani ni wa chaja.