Kuuzuliwa na Kujiuzulu: Funzo la Utawala wa Mumias

Makala haya yanakusudia kuchunguza vitenzi viwili vyenye shina moja, kuuzuliwa na kujiuzulu, kwa kuvitazama katika historia ya Mumias. Shina lenyewe, -uzulu, limetokana na Kiarabu, na maana yake ni kumwondoa mtu katika cheo. Anayeuzuliwa huondolewa na mwingine. Anayejiuzulu hujihukumu mwenyewe mbele ya wale waliomwamini.

Nabongo Mumia alianza kuwatawala Wawanga katika miaka ya 1880, kwa haki ya ukoo wake. Misafara ya Waswahili ilipiga kambi kwake, na kwa njia hiyo Uislamu na Kiswahili vikatia mizizi hapo mapema. Waingereza walipoweka kituo chao Mumias mwaka 1894, walimfanya mshirika, na mwaka 1909 wakampa cheo cha Chifu Mkuu. Ndugu zake nao walipewa kutawala watu wasiokuwa Wawanga: Murunga aliwekwa juu ya Wabukusu wa Kimilili, na Mulama juu ya Wamarama.

Yafaa tutambue kwamba vyeo hivyo vilikuwa vya aina mbili. Unabongo ulitoka kwa Wawanga; uchifu ulitoka kwa Serikali. Kwa sheria za mwaka 1902 na 1912, Serikali ndiyo iliyowaweka wakuu hao na ndiyo iliyowaondoa. Raia walinung'unikia kutawaliwa na wageni, lakini manung'uniko yao hayakuweza kumwondoa chifu mpaka Mwingereza aridhie. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1930, Murunga na Mulama walikuwa wamekwisha kuondolewa. Je, chifu wa namna hiyo angejiuzulu kwa ajili ya nani? Hakupokea dhamana kutoka kwa Wabukusu wala Wamarama, basi hakuwa na dhamana ya kuwarudishia.

Ili kitenzi cha pili kieleweke, hatuna budi kutazama nchi jirani baada ya uhuru. Mwezi Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Siye aliyewatesa, lakini alikubali kwamba wizara ikiwa yake, lawama nayo ni yake. Jambo hilo halikumvunjia heshima: mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita, inatamka kwamba madaraka ya kiongozi ni dhamana ya umma. Kwa hiyo kiongozi wa leo, awe wa Mumias au wa Nairobi, hana udhuru waliokuwa nao machifu wale. Akivunja sheria, haimpasi kungoja aondolewe. Maana anayengoja angali anasadiki kwamba cheo ni mali ya aliyemteua, au mali yake mwenyewe. Wala Katiba haiwezi kumlazimisha mtu kujiuzulu: ikimlazimisha, amekwisha kuuzuliwa.