Hodi iliyomtia hofu Dijkstra

Mwaka jana niliunganisha kihisi cha mtiririko wa maji kwenye maikrokontrola ya biti 8. Draiva yenyewe ilikuwa ndogo tu: kila gurudumu la kihisi likizunguka, ongeza moja. Siku mbili mambo yakaenda vizuri. Ya tatu, hesabu ikaruka kutoka 255 hadi 511, halafu ikaonyesha 257 kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikarudia jaribio mara kadhaa, wapi! Kosa limetoweka.

Kama umewahi kuandika draiva unalijua jinamizi hili. Edsger Dijkstra aliliogopa hata kabla kompyuta yake haijajengwa.

Kwanza tuelewane. Ukisubiri mgeni unaweza kwenda mlangoni kila dakika kuchungulia, au ukaendelea na mapishi yako mpaka apige hodi. Hodi hiyo ndiyo katizo: kifaa kinatuma ishara ya umeme, prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya, inakihudumia, kisha inarudi pale pale ilipoishia. Miaka ya 1950 ilihitajika sana, maana kompyuta ilikuwa ikikaa bure kungoja taipureta imalize kuchapa herufi moja. Marekani walishaijaribu kwenye mashine ya DYSEAC ya 1954.

Huko Amsterdam, kwenye Mathematisch Centrum, Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakibuni maunzi ya kompyuta ya X1, Dijkstra akiandika programu zake za msingi. Mwaka 1957 hivi wakamletea wazo la katizo. Mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba alishikwa na hofu, akauchelewesha uamuzi kwa miezi mitatu, mpaka wenzake wakambembeleza kwa sifa.

Usimcheke. Mashine alizozizoea, ukizipa programu ile ile na data ile ile, zilipita hatua zile zile. Ukikosea, unarudia na kosa unalikuta palepale linakusubiri. Ukiruhusu hodi, hujui itapigwa kati ya amri ipi na ipi. Sasa kosa lako utalitafutaje?

Kwa kuwa kujaribu-jaribu kusingemsaidia, ikabidi afikiri. Swali lake: je, naweza kuhifadhi hali ya mashine, kisha kuirudisha, kiasi kwamba kazi iliyokatizwa isijue kabisa kwamba ilikatizwa? Linaonekana jepesi. Lakini chukulia prosesa imetoka kulinganisha namba mbili, na jibu limekaa kwenye alama ya biti moja. Katizo likija hapo na kuifuta, programu itageukia njia isiyo yake. Na je, hodi ya pili ikipigwa wakati bado unahifadhi vitu vya ya kwanza? Dijkstra alipata utaratibu ambao aliweza kuonyesha kwa hoja kwamba unafaa katika hali zote, na kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari, 1959.

Kwangu mimi, rejista zilihifadhiwa vizuri kabisa, kompaila ilishughulikia hilo. Kilichoniponza ni kumbukumbu ambayo programu kuu na katizo wanaitumia pamoja. Hesabu yangu ilikuwa ya biti 16, na prosesa ya biti 8 huisoma kwa hatua mbili. Ilisoma baiti ya chini: 255. Kabla haijagusa ya juu, hodi! Hesabu ikawa 256, yaani juu 1, chini 0. Iliporudi ikasoma juu: 1. Mara 256, jumlisha ile 255 ya zamani, ndiyo 511 hiyo.

Tatizo hili la wawili kugombania kitu kimoja nalo Dijkstra alilirudia, kwenye makala yake ya 1965. Mimi nilihitaji mistari michache tu: zima makatizo, nakili baiti zote mbili, yawashe tena. Kuipata mahali pa kuiweka kulinichukua wiki mbili.